Akiba haiozi, mbona maembe yetu yaoze?

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa Disemba hadi Machi, nchi yetu hujaliwa maembe kwa wingi usio kifani. Ukipita Makueni, Machakos na Kitui, au ukiteremka hadi Kilifi, Kwale, Lamu na bonde la Mto Tana, utayakuta yamerundikwa kando ya barabara, na bei yake imeporomoka hata muuzaji huona heri kuyaacha papo hapo kuliko kuyabeba kurudi nayo nyumbani. Juma moja baadaye rundo lile lile huwa limegeuka maskani ya nzi. Miezi michache ikipita, mtoto wa mkulima yule yule hutumwa dukani kununua chupa ya achari iliyotoka ng'ambo. Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Nauliza: ikiwa akiba haiozi, mbona maembe yetu yaoze?

Swali hili si la wakulima na wafanyabiashara pekee. Ni swali la walimu na wanafunzi, na ndiyo sababu nimeamua kuliandikia makala haya ingawa kazi yangu ni isimu wala si kilimo. Hoja yangu ni kwamba ujuzi wa kutengeneza achari, yaani kuyahifadhi matunda kwa siki, sukari, chumvi na viungo, ni elimu kamili ya sayansi na ya lugha, na elimu hiyo imo majumbani mwetu ilhali shule zetu zinaipita bila kuitupia jicho. Tusipoijaribu kwa mikono yetu, na tusipoiandika kwa Kiswahili ambacho mtu mwingine anaweza kukifuata, itazikwa pamoja na wazee walioitunza.

Sikatai kwamba yapo mambo makubwa zaidi katika biashara ya maembe. Nzi wa matunda mwenye asili ya Asia, aliyegunduliwa humu nchini mwaka wa 2003, aliwatia wakulima hasara kubwa, hata mwaka wa 2014 Kenya ikajizuia yenyewe kuuza maembe katika soko la Umoja wa Ulaya, na mlango huo haukufunguliwa tena hadi mwaka wa 2021. Serikali ya Kaunti ya Makueni nayo ilianzisha kiwanda cha kusindika matunda huko Kalamba mwaka wa 2017. Juhudi hizo zinastahili pongezi. Hata hivyo, hakuna kiwanda kinachoweza kufika katika kila ua. Embe lililoangushwa na upepo likiwa bado bichi halina soko Ulaya wala kiwandani. Soko lake ni jikoni. Na achari hupenda embe la aina hiyo hasa: pevu, gumu, lililo bichi bado. Mtu anayengoja embe liive na kulegea ndipo afikirie kuweka akiba huwa amekwisha chelewa.

Yafaa tuelewane kuhusu kitu chenyewe, kwani neno achari siku hizi lina maana zaidi ya moja. Mwanafunzi wa Nairobi au Nakuru ukimtajia achari, aghalabu atafikiria vile vipande vya embe lililokaushwa, vikatiwa rangi nyekundu, pilipili na sukari, vinavyouzwa katika vijifuko vidogo karibu na lango la shule, na vinavyoacha ulimi na vidole vyekundu hadi jioni. Mzee wa Mombasa au Lamu ukimtajia neno hilo hilo, atafikiria chupa ya mdomo mpana iliyowekwa rafuni, yenye vipande vya embe au ndimu vilivyolala ndani ya siki, pilipili na bizari, na ambayo haifunguliwi ila pamoja na sahani ya wali. Simlaumu mtoto, wala sisemi kwamba maana yake ni kosa, kwani lugha hukua namna hiyo. Ninachokisikitikia ni kwamba maana ya kwanza inazidi kuimeza ya pili, na kitu kinunuliwacho kinachukua nafasi ya kitu kitengenezwacho.

Neno lenyewe limesafiri sana. Asili yake ni Kiajemi. Lilienea katika lugha za Bara Hindi, likafika hata Malaysia na Indonesia ambako huitwa acar. Garcia de Orta, tabibu Mreno aliyeishi Goa, alilitaja katika kitabu chake kilichochapwa huko huko Goa mwaka wa 1563. Nasi watu wa pwani ya Afrika Mashariki tulilipokea kwa njia hiyo hiyo ya bahari, pamoja na wenzake wengi. Sukari ilitujia kutoka Kiarabu, nacho Kiarabu kikaipata Uajemi na Bara Hindi. Mdalasini ni neno la Kiajemi lililomaanisha mti wa Uchina. Pilipili ndiyo ya ajabu kuliko zote: jina lake linatokana na Kisanskriti, lakini pilipili kali tunayoitia katika achari ni mmea wa bara la Amerika, ambao haukujulikana upande wetu wa dunia kabla ya safari za Columbus mwaka wa 1492 na zile za Wareno zilizofuata. Embe lenyewe, jina na mti, linatokana na Bara Hindi.

Nimeyaeleza haya ili wanafunzi waone jambo moja. Wazee wetu hawakuona haya kukopa neno, kwa sababu walilikopa pamoja na kazi yake. Walipolichukua neno achari walijua pia jinsi ya kukata, kutia chumvi, kuanika na kukoleza. Sisi wa leo tunakopa maneno yaliyobandikwa kwenye chupa tu, na kazi tunaiacha kiwandani. Mkopo wa namna hiyo haumtajirishi mkopaji.

Tena si kweli kwamba Kiswahili ni maskini katika uwanja huu. Hebu tuangalie vitenzi vyake. Chakula kinapoharibika tu, tunasema kimeoza. Kikioza hadi kikatoa uvundo, tunasema kimevunda. Kikiingiwa na uchachu, tunasema kimechacha. Unga uliotiwa hamira huumuka. Embe bichi likifunikwa mahali penye joto ili liive, tunasema limevundikwa, na mwanafunzi wa mofolojia ataona mara moja kwamba kitenzi hiki ni ndugu wa kuvunda, ingawa kimoja huleta hasara na kingine huleta utamu. Chumvi ikienea ndani ya kitoweo kama inavyotakiwa, tunasema imekolea. Hata ladha tumezigawa: ukali si uchachu, na uchachu si ukakasi. Msamiati huu ni wa watu walioangalia kwa makini jinsi chakula kinavyobadilika. Ni msamiati wa uchunguzi, na uchunguzi ndio mwanzo wa sayansi.

Basi tuitazame sayansi iliyomo ndani ya chupa. Siki ni maji yenye asidi asetiki, na siki ya kawaida ya dukani huwa na asilimia 4 hadi 5 ya asidi hiyo. Mtu wa Kilifi hahitaji kuelezwa inavyotokea, kwani anajua kwamba tembo la mnazi likikaa mno huchacha na mwishowe huwa siki. Louis Pasteur, mwanasayansi wa Ufaransa, aliandika kitabu kizima juu ya siki mwaka wa 1868, akieleza kwamba mabadiliko hayo ni kazi ya viini hai vinavyohitaji hewa. Asidi ikishatosha, viini vingi viharibuvyo chakula hushindwa kuishi. Bakteria anayetoa sumu ya botulini, sumu inayoweza kuua mtu, hawezi kukua mahali ambapo kipimo cha asidi kiitwacho pH kiko chini ya 4.6. Siki humzuia mlangoni, maadamu haikuzimuliwa kwa maji.

Chumvi na sukari nazo zina kazi yake, mbali na kunogesha. Nyunyiza chumvi juu ya vipande vya embe bichi jioni, uvifunike. Asubuhi utakuta maji yamejaa chini ya bakuli ingawa hukuyatia. Chumvi imeyavuta kutoka ndani ya vipande. Walimu wa sayansi huliita jambo hili osmosisi, na aghalabu hulifundisha kwa kiazi na mchoro ubaoni. Viini navyo ni viumbe vyenye maji ndani yake, hivyo vikiangukia mahali penye chumvi au sukari nyingi hunyang'anywa maji na kunyauka. Hata manjano yana somo lake. Doa la achari likidondokea shati jeupe la sare huwa la njano, lakini mwanafunzi akilisugua kwa sabuni hugeuka jekundu, kwa kuwa manjano hubadili rangi yanapokutana na alkali. Mwalimu asiye na maabara anayo hapo karatasi ya kupimia asidi na alkali iliyomgharimu shilingi chache tu sokoni.

Sasa nije katika uwanja wangu. Resipe ni mojawapo ya tungo za kiuamilifu zinazofundishwa katika somo la Kiswahili na ambazo mtahiniwa wa kidato cha nne anaweza kuulizwa. Wanafunzi hufunzwa muundo wake: kichwa, idadi ya walaji, viambato, hatua. Huo ni msingi mwema. Lakini wengi hufika chuo kikuu wakiwa wamekariri resipe moja, ya pilau au ya chapati, na hawajapata kuipika hata mara moja. Katika darasa langu huwa nawapa zoezi dogo. Mwanafunzi mmoja aandike resipe, mwenzake aisome na kueleza, sentensi baada ya sentensi, kile ambacho mikono yake ingefanya. Kicheko huanza mara moja. "Tia siki kiasi," mmoja ameandika. Mwenzake anauliza: kiasi gani, kijiko au kikombe? "Pika hadi iive." Nitajuaje kwamba embe bichi lililomo ndani ya siki limeiva? "Weka viungo." Vipi, lini, na kwa utaratibu upi?

Nyanya anaposema kiasi, anajua anachokisema. Kiasi chake kimo mkononi, kimepimwa kwa miaka arobaini, na anayejifunza amesimama kando yake akitazama. Zamani tulikuwa pia na vipimo vinavyoeleweka na wote: konzi ya mkono, kibaba, na pishi ambayo ni vibaba vinne. Maandishi hayana mkono wa nyanya. Neno kiasi likihamishwa kutoka jikoni hadi kwenye karatasi, hupoteza maana yake yote, na kama tulivyoona, katika achari neno hilo linaweza kuleta madhara. Mtu atakayeona siki ni kali mno akaizimua kwa maji, kwa kuwa resipe haikumwambia kipimo, ameondoa kitu pekee kilichokuwa kinamlinda. Hapa lugha legevu si kosa la kupunguziwa alama mbili. Ni hatari kwa mlaji.

Ili nisiwe kama yule anayekosoa bila kuonyesha njia, naeleza hapa achari tamu ya embe kama ninavyotaka wanafunzi waiandike.

Twaa kilo moja ya maembe mapevu ambayo bado ni mabichi na magumu. Yaoshe, yafute yakauke kabisa, yamenye, uyakate vipande virefu vyenye unene wa kidole kidogo, na uzitupe kokwa. Nyunyiza vijiko vikubwa viwili vya chumvi, changanya, funika kwa kitambaa safi usiku kucha. Asubuhi mwaga maji yaliyotoka, kisha vitandaze vipande juu ya kitambaa safi na uvianike juani kwa saa mbili au tatu, ukivifunika kwa chandarua chepesi ili nzi wasitue.

Katika sufuria isiyo ya aluminiamu, tia nusu lita ya siki yenye asidi ya asilimia 5 na gramu 400 za sukari. Ongeza kijiti kimoja cha mdalasini, karafuu nne, kijiko kikubwa kimoja cha mbegu za haradali, nusu kijiko kidogo cha uwatu, kijiko kidogo kimoja cha manjano, vijiko vidogo viwili vya pilipili ya unga, punje sita za kitunguu saumu zilizokatwakatwa, na kipande cha tangawizi kilicho sawa na kidole gumba, kikiwa kimeparwa. Koroga kwa kijiko cha mbao hadi sukari iyeyuke, kisha acha itokote kwa moto mdogo dakika 10. Tia vipande vya embe, uviache vitokote tena dakika 10 hadi 15, hadi kingo zake zianze kupenyeza mwanga ilhali ukikibonyeza kipande kwa uma bado unakuta ugumu. Hapo ndipo achari imeiva.

Chupa za kioo ziwe zimechemshwa dakika 10 na ziwe bado moto, kwa kuwa chupa baridi ikitiwa kitu cha moto hupasuka. Pakia vipande, mimina siki yake hadi vizame vyote, acha nafasi ya upana wa kidole juu, futa mdomo wa chupa na ufunge kifuniko kisicho na kutu. Anayetaka kuiweka miezi mingi azizamishe chupa zilizofungwa ndani ya maji yanayochemka kwa dakika 10 akiwa Mombasa, na dakika 15 akiwa Nairobi. Iache majuma mawili mahali penye giza na baridi kabla ya kuionja. Ikishafunguliwa, iwekwe katika jokofu, na isichotwe ila kwa kijiko kikavu. Chupa yoyote ambayo kifuniko chake kimevimba, au iliyoota kuvu, itupwe bila kuonjwa.

Bila shaka msomaji makini atauliza kwa nini Mombasa dakika 10 na Nairobi 15. Swali zuri. Mombasa iko usawa wa bahari na maji yake huchemka yakifika nyuzi 100 za Selsiasi. Nairobi imeinuka takriban mita 1,700, hewa yake ni nyepesi zaidi, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi. Maji yanayochemka Nairobi hayana moto kama yale ya Mombasa, kwa hiyo kazi ile ile huhitaji muda zaidi. Ni wanafunzi wangapi wamekariri kwamba maji huchemka kwenye nyuzi 100, wakafaulu mtihani, na hawajawahi kujua kwamba katika sufuria ya mama yao mambo ni mengine?

Tena sababu ya kukataza sufuria ya aluminiamu ni ile ile asidi, ambayo huila madini hiyo na kukiharibu chakula kwa ladha na rangi. Kila sharti katika resipe lina sababu yake, na mwanafunzi anayeijua sababu hawezi kulisahau sharti. Tofauti ya mtu aliyeelimika na mtu aliyekariri iko hapo.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Mwalimu atasema kwamba hana muda, kwani silabasi ni ndefu na darasa lina wanafunzi wengi kupita kiasi. Namwelewa. Lakini msimu wa maembe huangukia muhula wa kwanza, na mtaala wa umilisi unaotumika sasa unalo somo la Kilimo na Lishe na lile la Sayansi Jumuishi katika shule za sekondari ya chini, pamoja na Kiswahili. Masomo matatu yanaweza kukutana kwenye chupa moja. Mwalimu wa sayansi aeleze asidi, wa kilimo aeleze tunda, wa Kiswahili asimamie uandishi, na hakuna atakayekuwa ameongezewa somo jipya.

Mwingine atasema kwamba sayansi hufundishwa kwa Kiingereza kuanzia gredi ya nne, hivyo Kiswahili hakina nafasi hapo. Hoja hii naijibu kwa Katiba. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lugha rasmi isiyoweza kumweleza raia namna ya kutunza chakula chake bila kujidhuru ni rasmi kwa jina tu. Simwombi mtu yeyote aache Kiingereza. Naomba kwamba mtoto aliyejifunza osmosisi darasani aweze kurudi nyumbani jioni na kumweleza bibi yake, kwa lugha ambayo bibi ataielewa, kwa nini chumvi inatoa maji ndani ya embe. Akishindwa, basi ama hakuelewa somo, ama tulimfundisha somo lisiloweza kuvuka lango la shule.

Wapo pia watakaotukumbusha kwamba chumvi na sukari nyingi si nzuri kwa afya, hasa kwa wenye shinikizo la damu na kisukari. Ni kweli. Achari ni kitu cha kutilia ladha, na kijiko kimoja pembeni ya sahani chatosha. Kumfundisha mtoto hivyo ni sehemu ya somo lenyewe. Na watakaosema kwamba mapishi ni kazi ya wasichana nitawajibu kwa ufupi: wavulana nao wana matumbo, na asidi haimtambui mvulana wala msichana.

Pingamizi iliyo nzito kuliko zote ni umaskini. Siki, sukari na viungo vinagharimu pesa, na zipo shule ambazo chaki yenyewe ni ya kuhesabiwa. Hapa nakiri kwamba neno tupu halitoshi. Lakini chupa moja kwa darasa zima si mzigo usiobebeka, na chumvi, jua na ndimu, ambazo pia zina asidi, ni vitu vya bei nafuu tangu zamani. Kamati za wazazi ambazo hukusanya pesa za safari na za sherehe zinaweza kukusanya pia za lita moja ya siki.

Basi nini kifanywe? Kwanza, katika muhula wa kwanza kila shule iliyo karibu na maembe itengeneze achari mara moja, na isiyo na maembe itumie tunda la kwake, liwe nanasi, ndimu au forosadi, mradi mwalimu ahakikishe siki ni ya kutosha. Pili, kila mwanafunzi aandike resipe yake kwa Kiswahili, na asipewe alama hadi mwenzake aliye darasa jingine aifuate bila kuuliza swali. Huo ndio mtihani wa haki wa uandishi wa kiuamilifu, kwa kuwa maana ya utungo wa kiuamilifu ni kwamba unafanya kazi. Tatu, wanafunzi watumwe kwa wakongwe wa vijijini na mitaani kwao, wawatazame wakitengeneza, na kila wanaposema kiasi, wapime kiasi hicho kwa kijiko na mizani, na kukinakili pamoja na jina la kila kitu kama wanavyolitamka wao, liwe la Kiamu, la Kimvita au la lahaja nyingine yoyote.

Jambo hili la tatu ndilo linaloninyima usingizi zaidi, kwa kuwa ndilo pekee lisilongoja. Maembe yatazaa tena mwakani. Siki itaendelea kuuzwa. Lakini bibi ajuaye ni lini ndimu zimekwisha kukauka juani kwa kuzibonyeza tu kwa kidole, hatatungoja tumalize mikutano yetu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na huyu anayo mali ambayo bado haijaingizwa katika daftari lolote.

Tangu UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, mwaka wa 2021, tumekuwa tukiiadhimisha kwa mashairi, maigizo na hotuba zinazoisifu lugha. Si vibaya. Lakini lugha haishibi sifa. Ningefurahi kuiona shule moja ikiiadhimisha siku hiyo kwa meza iliyopangwa chupa za achari zilizotiwa mwezi wa Februari, kila chupa ikiwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono wa mwanafunzi: kilichomo, kipimo chake, tarehe yake, na jina la mzee aliyemfundisha. Mgeni rasmi aonje, kisha asome, na akifika nyumbani aweze kutengeneza ya kwake kwa kuifuata karatasi hiyo peke yake. Akiweza, mwanafunzi huyo apewe alama zote.